Mlima Una Wenyewe



Kuna neno lililozoeleka mno katika mikutano yetu: utalii utaleta maendeleo milimani. Neno hilo ni tamu, na ndiyo sababu halichunguzwi. Maendeleo ya nani?

Tutazame Kahuzi-Biega, hapa kwetu Kivu ya Kusini. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hekta 600,000. Ilikuwa kati ya mahali pa kwanza duniani ambapo wageni waliongozwa msituni kuwatazama gorila waliozoeshwa watu. Lakini ili mgeni aingie, mwenyeji alitolewa. Watwa, ambao msitu ule ulikuwa nyumba yao, ghala lao, dawa yao na makaburi ya baba zao, walifukuzwa pasipo ardhi nyingine wala fidia. Wengi wamebaki kandokando, katika Kabare na Kalehe, wakilima mashamba ya wengine kwa ujira mdogo. Mgeni alilipa ili auone msitu; yule aliyeujua kila mti, akikutwa humo, aliitwa jangili. Na waliofuata nyayo za gorila kwa ajili ya wageni wa kwanza walikuwa Watwa haohao!

Watetezi hujibu: je, ajira? Je, shule na vituo vya afya? Vipo, na walinzi wa hifadhi wamekufa kazini, tusiwadharau. Lakini zawadi si haki. Aliyejengewa darasa kwa hisani hawezi kudai hesabu ya fedha zilizoingia. Jirani zetu wa Rwanda humtoza mgeni dola 1,500 kwa saa moja mbele ya gorila, na wametenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa jamii zinazozizunguka. Twaweza kuuliza ni nani huamua matumizi yake. Walakini kiasi kinajulikana, na kinachojulikana chaweza kudaiwa.

Wengine watasema kwamba tangu Watwa kadhaa waliporudi mwaka 2018, miti imekatwa. Imekatwa, hatukatai. Makaa yake yalipikia chakula cha nani, kama si cha mji?

Tena utalii ni mwajiri mwoga. Mwaka 2018 Virunga ilifungwa kwa miezi kadhaa baada ya wageni kutekwa. Mwaka 2020 korona ikaifunga tena. Kijiji kilichoacha jembe kikimngoja mgeni hula nini siku hizo?

Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu: nchi yetu imevunja haki za Watwa wa Kahuzi-Biega, nayo yapaswa kuwarudishia ardhi yao. Basi atakapokuja tena mtu kutuhubiria utalii, tusimwulize anatazamia wageni wangapi. Tumwulize hati ya ardhi itaandikwa kwa jina la nani, na ni nani atakayeketi mezani fedha zinapohesabiwa.