Kompyuta ya 1981 Imenifunza Kuliko Chuo

Wasee, kila nikiongea kuhusu emuleta kuna mtu lazima aniambie, "Buda, hizo ni vitu za wazee." Leo nakujibu, na sina haraka.

Emuleta ni programu inayojifanya kompyuta nyingine. Ninayoongelea inafunguka ndani ya brauza tu. Unaingia tovuti ya PCjs, na mbele yako kuna IBM PC ya 1981. Hauweki programu yoyote kwa mashine. Kwa mtu wa kutegemea saiba hiyo ni kubwa, juu mwenye saiba hawezi kukubali uguse mashine yake hivyo. Ukiharibu kitu, unafunga ukurasa na kuanza upya. Hakuna wa kukugombeza.

Chuoni nilifundishwa prosesa kwa slaidi. Nilijua kuchora mishale kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, nikapita mtihani, na bado sikujua kompyuta hufanya nini ikiwashwa. Nilipoacha masomo juu ya karo, watu walisema basi, hayo mambo yamenipita. Halafu usiku mmoja nikawasha hiyo IBM bila diski. Haikuniletea matangazo wala picha. Iliniletea BASIC, iliyokuwa ndani ya ROM yake, ikaningoja. Nikaandika:

10 PRINT "SASA"
20 GOTO 10

Skrini ikajaa SASA mpaka nikaisimamisha mwenyewe. PCjs pia inakuwezesha kusimamisha prosesa yenyewe, Intel 8088, uangalie rejista zikibadilika amri moja baada ya nyingine. Hapo ndipo ile mishale ilipata maana.

Usiniambie simu yako mpya itakufunza hivyo. Imetengenezwa uitumie, si uifungue. Mashine ya zamani ni ndogo kiasi cha kutoshea kichwani mwa mtu mmoja. DOS ya kwanza ya IBM ilikaa kwa diski moja ya kilobaiti 160!

Kuna wanaosema huu ni wizi. Sawa, tuongee. Mimi mwenyewe video yangu ikiibwa naumia. Lakini kuiba kinachouzwa na kuhifadhi kilichoachwa si kitu kimoja. Mwaka 2018 Microsoft waliweka kodi ya MS-DOS 1.25 na 2.0 wazi kwa leseni huria, na 2024 wakaongeza 4.00. Mbona hawajafilisika?

Lakini mwaka huohuo wa 2024, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba zivunje kufuli za kidijitali ili watafiti wafungue wakiwa mbali michezo ya kompyuta isiyouzwa tena. Yaani uende hadi kwa jengo. Mtoto wa Kayole ataenda na nini? Maktaba ikiwa na mlango Marekani pekee, huyo ashafungiwa nje, na hakuna mtu alimuuliza.

Ndio maana sitanyamaza. Brauza ndiyo mlango wetu. Wanaotaka kuufunga wana mawakili, na sisi tunaanza kwa kuutumia.

Wikendi hii tenga saa moja ya saiba. Washa hiyo mashine, andika ile mistari miwili, badilisha SASA iwe jina lako. Ukimaliza, rudi uniambie tena ni vitu za wazee.