Mninga usitoke Mpanda ukiwa gogo

Mtu wa Dar es Salaam akitangaza kwamba anafunga safari ya kwenda Mpanda kununua kitanda, majirani zake hawataacha kumwuliza kama maseremala wa Keko wamekwisha. Swali hilo niliulizwa mwaka jana, tena na mke wangu, na ninakiri kwamba sikuwa na jibu la haraka. Nilichokuwa nacho ni hasira. Katika chumba chetu cha kulala lilikuwamo kabati lililoletwa kutoka ng'ambo, la unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi na kubandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Tulilinunua katika duka moja la mjini ambalo sitalitaja. Masika ya kwanza lilivimba miguuni kama mgonjwa wa matende. Masika ya pili milango yake ilikataa kufunga. Ya tatu hatukuisubiri.

Basi nilipata likizo nikapanda garimoshi la Reli ya Kati. Ndugu msomaji asidhani kwamba nilikwenda kutalii. Wako watu wengi wanaofanya safari kama hii, ingawa hawaiandiki magazetini. Mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Mpanda, siku ya kuondoka kwake huondoka na kitanda cha mninga, meza ya chakula na viti sita, na nduguze wa Dodoma au Morogoro wakishaviona huanza kumwagiza. Sifa ya mbao za kule imetembea yenyewe.

Kaliua ndipo njia ya Mpanda inapoachana na ile ya Kigoma, ikaelekea kusini kuvuka mbuga za mto Ugalla. Yafaa tukumbuke kwa nini njia hiyo ilijengwa. Haikujengwa kwa ajili ya abiria, wala mkulima. Ilijengwa na wakoloni, ikafunguliwa takriban mwaka 1950, kwa sababu ya mgodi wa risasi uliokuwa Mpanda. Madini yalichimbwa, yakapakiwa mabehewani, yakashuka hadi pwani, yakaenda zake. Kufikia miaka ya 1960 mgodi ulikuwa umekwisha kufungwa. Mji ulibaki na reli na jina. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha kitu hata kimoja kilichotengenezwa Mpanda kwa risasi ya Mpanda.

Nimeanza na risasi kwa makusudi, kwa kuwa nilipofika stesheni ya Mpanda asubuhi, kitu cha kwanza kilichoniingia akilini nilipoona marundo ya mbao kando ya barabara ni kwamba hadithi ile ile inaweza kurudiwa kwa mti badala ya jiwe.

Karakana niliyoelekezwa ilikuwa ni paa la mabati juu ya nguzo, bila kuta. Fundi mwenyewe ni mtu wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi. Nilimwambia ninachotaka: kitanda cha futi tano kwa sita chenye ubao wa kichwani usio na nakshi, na kabati la milango miwili lenye mitoto minne ya kuvuta chini yake. Nikaongeza kwamba nina siku kumi. Alinitazama, akacheka kidogo, akanichukua hadi nyuma ya karakana, mahali mbao zilipopangwa kivulini, kila ubao umetenganishwa na mwenzake kwa vijiti ili upepo upite. Akanieleza kwamba rundo lile lilipasuliwa mwezi uliotangulia, na kwamba angeweza kunitengenezea kitanda kwa siku sita tu kama ningetaka. Lakini mbao hizo zingekaukia chumbani kwangu badala ya kukaukia kwake, na viungo vingeachia. Rundo kavu lilikuwapo, ila lilikwisha kuwekewa arubuni na mteja mwingine.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui, na kwa kutolijua huwalaumu mafundi. Mninga ni mti wa sifa kwa sababu kiini chake, kile chenye rangi ya kahawia inayokaribia dhahabu na wakati mwingine wekundu, hakisinyai sana kinapokauka, hakipendwi na mchwa, na hukubali randa na patasi bila ukaidi. Lakini sifa hizo ni za kiini peke yake. Sehemu nyeupe ya pembeni, karibu na gome, ni chakula cha bungua. Fundi asiye mwaminifu huipaka rangi na vanishi ikafanana na nyingine, na mnunuzi mwenye haraka hawezi kutambua mpaka siku atakapoona unga mwembamba sakafuni chini ya kitanda. Kwa hiyo mwenye busara hukagua mbao kabla hazijapigwa msasa, na huuliza zilipasuliwa lini.

Tena kuna suala la hewa. Mpanda kiangazi ni pakavu mno. Dar es Salaam hewa ina maji mwaka mzima. Mtoto wa kabati aliyepimwa kukaa barabara katika nafasi yake Mpanda mwezi wa Agosti, akifika Kariakoo atakwama. Fundi wangu alilifahamu hilo bila kusoma kitabu, akasema ataacha nafasi kidogo kila upande. Nimekaa chuo kikuu miaka mitatu, na sikumbuki kama nilifundishwa jambo lenye manufaa ya karibu namna hiyo.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Wapo watakaosema: kwa nini kusafirisha kitanda, kitu kikubwa chenye nafasi tupu ndani yake, badala ya kusafirisha mbao zilizolala vizuri ndani ya lori na kuzichonga Keko? Hesabu yao kwa upande wa nauli ni sahihi, wala siibishi. Barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Sikonge na Inyonga imekamilika, na lori la mbao huteleza tu. Lakini hesabu hiyo inamsahau mtu. Ubao unaotoka Mpanda ukiwa mbichi na haujaguswa na randa huacha kule ujira wa mkataji, mpasuaji na mpakiaji, ambao ni ujira mdogo kuliko wote katika mlolongo huu. Ujira wa kuupanga, kuuchonga, kuuunga na kuung'arisha hulipwa kwingine. Na kitanda chaweza kusafiri bila kuwa kitanda: chaga kando, miguu kando, ubao wa kichwani umefungwa kwa gunia, kikaungwa kikifika. Kinachohitajika ni fundi anayejua kutengeneza viungo vya kufunguka.

Mfano wa gogo linaloondoka likiwa gogo tumekwisha kuuona kwa macho yetu. Mkurungu ni ndugu wa mninga, na kwa miaka mingi mafundi wengi hawakuujali. Kisha ikaja tamaa ya wanunuzi wa China, walioupenda kwa wekundu wake unaofanana na ule wa miti ya fahari inayotumika katika samani zao za jadi. Zambia, ambako huitwa mukula, na Kongo pia zilikumbwa na wimbi hilo hilo. Mti uliokuwa hauna thamani ukawa dhahabu kwa muda mfupi, na misitu ya magharibi mwa nchi yetu ikaingiwa na misumeno. Mwaka 2019 mkurungu uliwekwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwamba usivuke mipaka bila vibali maalumu. Na mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, jamii yote ya miti hiyo katika Afrika, mninga ukiwamo, iliongezwa. Nijuavyo mimi, wimbi lile halikuacha Katavi karakana mpya za fahari.

Hapa msomaji makini atanishika shati. Kama mninga umefikia kuhitaji kulindwa na mkataba wa mataifa, mimi nimefuata nini Mpanda? Swali ni la haki, na sina haja ya kulikwepa. Mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa. Anayeupanda leo anampandia mjukuu. Tanzania ina misitu ya hekta milioni 48.1 kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2015, na makadirio ya serikali yamesema tunapoteza hekta 469,420 kila mwaka. Lakini sehemu kubwa ya hasara hiyo haitokani na vitanda. Inatokana na mashamba mapya, mkaa, na kuni, zikiwamo zile za kukaushia tumbaku, zao ambalo Mpanda inalifahamu vizuri. Mti wa mninga unaochomwa shambani ili kupata nafasi ya mahindi hauhesabiwi na mtu. Nina imani, na atakayenipinga alete hoja zake, kwamba mwanakijiji ambaye jirani yake ni seremala anayelipa vizuri kwa gogo halali atafikiri mara mbili kabla ya kuutia moto. Imani hiyo ina sharti lake: mti uwe umekatwa kwa kibali, ugongwe nyundo ya misitu, na ushuru wake uonekane kwenye stakabadhi. Mnunuzi asiyeuliza stakabadhi amenunua kitanda cha wizi, hata kama amelipa bei kamili. Ofisi ya misitu ndipo pa kwenda kabla ya kupakia mzigo. Kusubiri kuulizwa kwenye kizuizi njiani ni kujitafutia aibu.

Si sisi peke yetu tulio na mafundi mbali na miji mikubwa. Katika jimbo la Jalisco nchini Mexico, watu hufunga safari kwenda Tonalá na Tlaquepaque kuagiza samani za nyumba zao, na mji wa Zacoalco de Torres unajulikana kwa viti viitwavyo equipal, vya vipande vya mbao na ngozi, ambavyo asili yake ni ya kabla ya kuja kwa Wahispania. Mnunuzi hachoki na safari, kwa sababu jina la mji limekuwa ni dhamana. Na sisi tusijidharau. Viti vya enzi vya watemi wa Unyamwezi, vyenye mgongo mrefu, vilivyochongwa katika gogo moja, leo vimo katika makumbusho ya Berlin na New York. Wageni walisafiri mbali zaidi yangu kuvifuata, ingawa si wote waliovilipia.

Kinachoikosesha Mpanda jina kama hilo ni mambo machache yanayoweza kutajwa. La kwanza ni tanuri la kukaushia mbao. Kwa miaka mingi mji uliwashwa kwa mashine za dizeli, na hakuna seremala aliyeweza kuwaza kukausha mbao kwa umeme. Sasa kwa kuwa njia ya gridi kutoka Tabora imejengwa, udhuru huo umepungua. Fundi mmoja hawezi kununua tanuri. Mafundi ishirini walioungana katika ushirika wanaweza kukopa, na SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa kazi za namna hii hasa, isingoje kuombwa. La pili ni mnunuzi mkubwa. Mwaka 2016, serikali ilipoagiza kila mkoa umalize upungufu wa madawati kufikia tarehe 30 Juni, nchi nzima iliona seremala akihitajiwa kama daktari. Lakini tarehe ilipopita, agizo nalo likapita. Ofisi za umma za mkoa wa Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao bado unajenga majengo yake, zinakalia viti vya nani? Ningependa maofisa wenyewe wapindue viti vyao wasome maandishi ya chini.

Siku ya nane nilirudi Dar es Salaam mikono mitupu. Nilimwachia fundi arubuni na vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, naye akanipa stakabadhi na kuniambia kwamba rundo langu litakuwa tayari kiangazi kitakachofuata, mvua zikikatika mapema. Mke wangu aliuliza kitanda kiko wapi. Nikamwambia kiko Mpanda, kivulini, kinakauka.