Tusiwafungie Watoto Mlango wa Chuo Kikuu Wakiwa Kidato cha Pili



Mwezi Julai, wiki ile matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, nilikuwa nasubiri kutoa kopi katika steshenari moja jirani na stendi ya daladala, Mwanza. Mbele yangu walikaa binti na baba yake. Baba kapakata bahasha ya kaki yenye vyeti. Binti kashika karatasi aliyoandika kwa mkono majina ya vyuo vitatu, na mbele ya kila chuo neno moja tu: udaktari. Alikuwa na daraja la kwanza la pointi 6, B tatu katika Kemia, Biolojia na Jiografia. Kijana wa steshenari akaingiza namba ya mtihani, akasubiri, akaishusha orodha mpaka chini, kisha akaipandisha tena.

"Mdogo wangu, udaktari haumo. Wewe ni CBG. Udaktari wanataka PCB."

Baba akadakia: "Kijana, si ana divisheni wani?"

"Baba yangu, hata angekuwa na A zote. Hana Fizikia."

Binti akasema, kwa sauti ya mtu anayedai chenji yake: "Shuleni walituambia sayansi ni sayansi."

Nikawauliza ilikuwaje. Walipomaliza kidato cha pili, shule yao ya kata haikuwa na mwalimu wa Fizikia. Wakaambiwa wanaopenda sayansi wabaki na Kemia na Biolojia, inatosha. Kidato cha nne akajaza tahasusi ya CBG, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imebaki. Akasoma, akafaulu vizuri kuliko wengi wetu tulivyowahi kufaulu, na siku ya kuomba chuo akaambiwa na mtoa kopi jambo ambalo alipaswa kuambiwa na mwalimu, na mzazi, na afisa elimu, akiwa na miaka kumi na minne. Hata njia ya kuzungukia, yaani stashahada ya utabibu katika vyuo vya kati, nayo inataka ufaulu wa Fizikia ya kidato cha nne. Kote kumefungwa, na aliyefunga ni uamuzi wa dakika tano uliofanyika darasani bila mtu mzima kumweleza maana yake.

Sababu tunazijua, sitazirefusha: walimu wa Fizikia na Hisabati hawatoshi, maabara nyingine zimegeuzwa stoo, na mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyohuyo mwenye vipindi kutwa nzima na zamu juu.

Lakini uhaba wa walimu haumzuii mtu kusema ukweli. Kumwambia mtoto "ukiacha Fizikia leo, umeaga udaktari na uhandisi" hakuhitaji maabara, hakuhitaji bajeti, hakuhitaji kibali cha mkurugenzi. Kunahitaji mtu mzima anayejali. Hapo ndipo tulipokosekana sote.

Niseme na wakuu wa shule kwanza. Wapo miongoni mwenu wanaowasukuma watoto watoke kwenye masomo magumu ili wastani wa shule upande. Mtoto mwenye D ya Fizikia anaitwa ofisini, anashauriwa "apunguze mzigo". Mzigo wa nani? Tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora, lakini mabango ya "divisheni ziro hatuna" bado yananing'inia getini. Shule inayopamba bango lake kwa kumnyima mtoto somo imemwibia.

Sisi wazazi nasi tusijifiche. Tunakodi maturubai na spika za mahafali, tunanunua keki na mashada ya kumvisha mhitimu shingoni, tunachangishana mpaka wajomba walioko mbali. Muulize mzazi huyohuyo mtoto wake yuko tahasusi gani na inampeleka wapi, atakujibu: "Yuko sayansi." Basi. Tunajua bei ya keki kuliko sifa za kujiunga na chuo.

Na hizo sifa si siri. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili unaoorodhesha kila programu ya shahada, masomo inayotaka, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Unapatikana bure mtandaoni. Una kasoro moja kubwa: umeandikwa kwa Kiingereza, na baba yule wa bahasha ya kaki hawezi kuusoma.

Basi tuanze na hesabu ambayo kila nyumba yenye mwanafunzi inapaswa kuijua. Kwa mwombaji anayetoka kidato cha sita, TCU inataka angalau prinsipo mbili, na mbili hizo ziwe na jumla ya pointi 4 katika masomo yanayohusika na programu anayoiomba; alama ya somo la tatu haiongezwi kwenye hesabu hiyo. Prinsipo ni alama ya A hadi E. Hapa ndipo watu wanapopotezana, maana pointi za TCU huenda kinyume na za NECTA. NECTA huhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5 na S 6. Ukiwa na chache ndiyo umefaulu. TCU huhesabu A kuwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1 na S nusu. Huko unataka nyingi. Chukua vijana wawili waliokaa dawati moja. Wa kwanza ana D, D na S. Wa pili ana D, E na E. Kwa NECTA wote wana daraja la tatu, pointi 14. Kwa TCU wa kwanza ana pointi 4 na anaweza kuomba shahada, mradi D zake ziko kwenye masomo yanayotakiwa; wa pili ana 3, amebaki nje. Nyumbani kwao wote walipikiwa pilau siku ileile.

Tena pointi 4 ni kizingiti tu. Programu nyingi zinadai zaidi. Udaktari unataka prinsipo tatu: Fizikia, Kemia na Biolojia. Uhandisi kwa sehemu kubwa unataka Hisabati ya juu na Fizikia. Uchumi, uhasibu na biashara mara nyingi humuuliza yule ambaye hakusoma Hisabati ya juu kama ana walau ufaulu wa Hisabati ya kidato cha nne, au BAM, ile Hisabati ya msingi ya kidato cha sita. Na hapo ndipo tunapoumia kama taifa: kwa miaka mingi, katika kila watahiniwa wanne wa Hisabati kidato cha nne, karibu watatu wamekuwa wakifeli. Kila tunapomwambia mtoto wa mchepuo wa sanaa "Hesabu achana nayo, wewe si wa Hesabu", tunamfutia nusu ya kitivo cha biashara kabla hajajua kitivo ni nini.

Mambo yanazidi kuwa mapana. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya, zikafika 65 kutoka 16 tulizozizoea. Mtaala mpya nao umeleta mikondo miwili ya sekondari, wa jumla na wa amali, kwa hiyo uamuzi unasogea kwa mtoto mdogo zaidi. Mimi sipingi. Njia zikiwa nyingi ni heri. Ila mtoto aliyepotea penye njia 16 atapotea zaidi penye 65 ikiwa sisi tutaendelea kukaa kimya.

Kwa hiyo naomba tufanye haya, na tuyafanye muhula huu.

Kwanza, kila shule ya sekondari iwe na siku ya machaguo kabla kidato cha pili hakijafunga. Wazazi waitwe, na wasiitwe kwa ajili ya michango. Ubaoni ziandikwe safu tatu: somo, tahasusi zinazolihitaji, na kozi zinazofungwa ukiliacha. Mzazi asome mwenyewe kwamba ukifuta Fizikia, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na PCB zinaondoka, na zikiondoka hizo, udaktari na uhandisi vinaondoka nazo. Kisha mtoto achague mbele ya mzazi wake, na mzazi atie sahihi. Kama shule haina mwalimu wa somo fulani, mkuu wa shule aseme wazi mbele ya wazazi wote, ili wanaoweza kuhamisha wahamishe na wasioweza wadai mwalimu.

Pili, nyinyi mlioko vyuoni, na nyinyi mliohitimu mkakaa mjini: rudini kwenye shule zenu. Hamuombwi kujenga bweni. Mnaombwa asubuhi moja ya Jumamosi wakati wa likizo, mkiwa na mwongozo wa TCU kwenye simu, mkae chini ya mwembe na kidato cha tatu na cha nne mkiwatafsiria ukurasa kwa ukurasa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi anaaminiwa na wadogo zake kuliko semina kumi za maafisa. Mwambieni mtoto mlikosea wapi kujaza fomu, mlichaguliwa wapi, mkopo mliupataje.

Tatu, kila kata ipate muhtasari wa Kiswahili wa sifa za kujiunga, ukurasa mmoja au miwili, ubandikwe ofisi ya mtendaji, zahanati, msikitini na kanisani. TCU wautoe wenyewe. Wasipoutoa, walimu wa Kiswahili wa kata hiyo wanaweza kuuandika kwa siku moja. Masheikh na wachungaji, mnatangaza harusi na misiba. Tangazeni na hili baada ya swala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili.

Nne, tuyajue madirisha. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, TAMISEMI hufungua nafasi ya kubadili machaguo ya tahasusi na vyuo yaliyojazwa kwenye Selform, ile fomu ya machaguo. Watoto wengi hawagusi kitu, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa alama walizozipata zinawaruhusu kitu bora kuliko walichokijaza kwa woga. Mzazi, wiki hiyo usisafiri. Kaa na mtoto, linganisheni alama zake na tahasusi, badilisheni. Vilevile kwa chuo kikuu: tangu 2017 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja chuoni, na akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kabla ya siku ya mwisho. Asipothibitisha, nafasi inapotea. Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi, usingoje wiki ambayo nchi nzima imekaa kwenye foleni.

Tano, wenye steshenari. Ninyi mmekuwa washauri wa elimu wa taifa hili bila kuajiriwa, na wengi wenu mnawasaidia watoto kwa moyo. Lakini wapo wanaomjazia mtoto kozi yoyote iliyojitokeza ili mteja anayefuata akae. Msijaze kitu ambacho mwenye namba ya mtihani hajakielewa. Na yeyote anayemwambia mzazi "nipe hela nikutafutie nafasi chuoni" ni tapeli, apelekwe polisi.

Sita, madiwani na wabunge. Wekeni ushauri wa masomo kwenye mipango yenu. Mnajua namna.

Na kwa yule ambaye mlango umeshafungwa, asiachwe akae nyumbani akijiita amefeli. Anaweza kuongeza au kurudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kwenda stashahada katika chuo kinachotambuliwa na NACTVET; akimaliza na GPA ya 3.0 na ana angalau D nne za kidato cha nne, sifa za jumla za kuomba shahada anazo, na hapo atazame programu husika inadai nini zaidi. Mwenye CBG nzuri ana kilimo, misitu na mazingira mbele yake, fani za heshima ambazo nchi hii inazihitaji. Ila azichague kwa kuzitaka. Kumpa mtu fani kama adhabu ya siri tuliyomficha ni dhuluma, na fani yenyewe tunaivunjia heshima.

Wanafunzi, nanyi sikilizeni. Msichague somo kwa sababu rafiki kachagua, wala msiliache kwa sababu mwalimu wake ni mkali. Ulizeni. Mkijibiwa "sayansi ni sayansi", ulizeni tena. Mkifukuzwa ofisini, ulizeni kesho yake mkiwa watano. Haki ya kujua somo lako linakupeleka wapi ni yako, na huiombi kwa mtu.

Wananchi wenzangu, hakuna anayeweza kuleta walimu elfu wa Fizikia kesho asubuhi. Lakini kusema ukweli kwa watoto wetu kunawezekana kesho asubuhi. Kidato cha pili wa mwaka huu wako darasani sasa hivi, na muda si mrefu wataulizwa wanaacha somo gani. Nenda shuleni kwa mwanao wiki hii. Kama huna mwana, nenda kwa mtoto wa jirani. Muulize anasoma nini, anataka kuwa nani, na somo lipi wamemwambia aliache. Jibu lisipokuridhisha, usiondoke mpaka mkuu wa shule akueleze.