Dosiye ya mauaji haiozi yenyewe, kuna wanaoiacha ioze

Jioni Kampene, pale penye jenereta ama paneli ya jua, watu wanajazana mbele ya televizio kufuata Cold Case, ile filme ya Marekani iliyogeuzwa kwa Kifaransa. Mupelelezi Lilly Rush wa Philadelphia anaingia katika chumba cha makartoni, anatoa kartoni ya mutu aliyeuawa zamani, hata miaka 30 iliyopita, anaanza kuuliza watu. Filme hiyo ilianza 2003 ikaisha 2010. Karibu kila sehemu inamalizika muuaji akifungwa pingu, na marehemu anaonekana kidogo tu, kama amekuja kuaga. Wamama wanafuta machozi. Kisha mutu anasema: "Hayo ni mambo ya wazungu." Na wengine wanaitikia.

Neno hilo linawafurahisha wauaji kuliko avoka yeyote.

Tena si kweli. Floribert Chebeya, mutetezi wa haki za binadamu, aliitwa kwenye makao makuu ya polisi Kinshasa, na tarehe 2 Juni 2010 akakutwa amekufa ndani ya gari lake. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakuonekana tena. Kesi ya kwanza ilipita, wengi wakasema imekwisha. Lakini mwaka 2021 polisi wawili waliokimbilia inje ya inchi wakasema waliyoyafanya, korti kubwa ya kijeshi ikafungua tena dosiye, na tarehe 11 Mei 2022 Christian Kenga Kenga akahukumiwa kifo, Jacques Mugabo miaka 12. Haki kamili? Hapana. Hukumu ilitoka mwili wa Bazana ukiwa haujapatikana, na mukubwa wa polisi wa wakati ule hakuhukumiwa. Lakini kartoni ilifunguliwa, na si Philadelphia.

Sasa lililo baya zaidi, ambalo filme haisemi. Kwa sheria ya Kongo, mauaji ya kawaida yakipita miaka 10 bila kitendo chochote cha upelelezi ama cha mashtaka, muuaji hawezi tena kushtakiwa. Kitendo kimoja ndani ya muda huo, hata proseverbali moja tu, kinaanzisha hesabu upya. Basi ofisa anayesema "mutarudi kesho" miaka kumi, ama anayeomba kwanza mafuta ya pikipiki, si muvivu tu. Anamufungulia muuaji mulango. Na jamaa inayopokea mbuzi na kunyamaza inamushikia mulango huo.

Kwa makosa ya kivita na makosa dhidi ya ubinadamu hesabu hiyo haiko: Mukataba wa Roma, ambao Kongo iliukubali 2002, unasema hayazeeki. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010 iliandika matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003 Kongo yote. Hayo nayo ni makartoni, yamejaa, yamepangwa, na ni machache sana yaliyofika kortini.

Wako wanaosema kufufua mambo ya zamani kunaleta chuki mupya. Waulizwe jamaa waliokimbia vijiji vya upande wa Shabunda wakalala kwa wenyeji hapa Pangi: chuki inatoka kwa kuuliza, ama kwa kumuona muuaji wa kaka yako akipita sokoni na kusalimia?

Lilly Rush anakuta kitu katika kartoni kwa sababu siku ya kwanza mutu aliandika. Hapa maiti inazikwa haraka, majina yanabaki kichwani mwa bibi, na bibi anakufa. Jamaa waandike jina, siku, mahali, na nani aliona. Wapeleke parke ya Kindu, ama auditora ya kijeshi kama muuaji alikuwa askari, na wasitoke bila kopi yenye tampo. Na wakubwa wa parke waje kwenye redio waseme, kwa hesabu, ni dosiye ngapi za mauaji ya Pangi ziko wazi leo, na ngapi zinafikisha miaka 10 mwaka huu.