Kivuko cha pili
Kivuko kati ya jiji la Mwanza na Kamanga, wilayani Sengerema, huendeshwa na kampuni binafsi, na biashara ya namna hii haikui kwa kuongeza vyombo tu. Chombo cha pili kinadai nahodha na fundi mitambo wenye vyeti, na hao hawaokotwi gatini. Kikinunuliwa mtumba, kutu ya chini na madeni ya zamani huja baada ya bei. Mwenye jukumu zito zaidi, ajabu, ni mkata tiketi, anayepaswa kukataa abiria chombo kikijaa: MV Nyerere, kivuko cha serikali cha watu 101, kilijazwa kupita kiasi kikazama karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, wakafa zaidi ya 220. Tena, tangu Juni 2025 wateja wana njia nyingine ya kuvuka: Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi. Mwenye lori akicheleweshwa gatini, anageuza kwenda darajani.