Muziki Wataka Chumba cha Kusikilizana

Wako wasomaji watakaoshangaa kuona ukurasa huu, uliozoea mashairi na taarabu, leo ukimtaja Paul McCartney, Mwingereza wa magitaa ya umeme. Watuwie radhi. Sisi tuliosomea chuoni, tukakalishwa jamvini na kuonja bakora kwa kukosea herufi moja, tumempenda mtu huyu tangu utotoni, wala hatuoni haja ya kuficha. Mjomba wetu alikuwa baharia, na sanduku lake la mbao lilirudi na santuri za Beatles zimefungwa ndani ya kikoi zisivunjike. Gramafoni ilipigwa kwa sauti ya chini ili babu asisikie. Babu alisikia.

Mwaka 2002 tuliipata video ya onyesho alilolifanya McCartney tarehe 14 Desemba 1999 katika kilabu cha Cavern, mjini Liverpool, kwao alikozaliwa. Mtu aliyeweza kujaza uwanja wa mpira katika nchi yoyote aliamua kupiga mbele ya watu wapatao 300, na wengi waliotaka kuingia ilibidi wapigiwe kura. Nyuma yake alikaa Ian Paice wa Deep Purple na ngoma zake, ubavuni David Gilmour wa Pink Floyd na gitaa, watu waliozoea majukwaa mapana kama bandari, na usiku ule wamebanana kama abiria wa matatu. McCartney mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 57. Alikuwa amefiwa na mkewe Linda mwezi wa Aprili 1998, na baada ya msiba ule alirudia nyimbo alizozipenda ujanani, za miaka ya 1950, akazitia katika santuri iitwayo Run Devil Run. Jina hilo lamwamrisha Shetani akimbie, jambo ambalo hata mwalimu wetu wa chuoni asingelikataa.

Onyesho halikufika saa nzima, walakini tumelitazama mara nyingi kuliko tunavyoweza kukiri mbele ya watu. Kwa nini? Kwa sababu humo twamwona mtu akifanya kazi. Jasho lamtoka. Mkono wake wa kushoto ndio upigao nyuzi za lile gitaa la besi lenye umbo la fidla, na macho yake yamgeukia mpiga ngoma kumpa ishara. Walio mstari wa mbele waweza kumgusa kiatu. Akikosea watajua, na akipatia watajua vile vile, tena papo hapo.

Sasa na tutazame upande wa pili. Tarehe 15 Agosti 1965 Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu 55,600. Walitengenezewa mashine maalumu za kukuza sauti ya magitaa, na sauti zao za kuimba zikapitishwa katika vipaza sauti vya uwanja, vile vile vya kutangazia mchezo wa besiboli. Vyote havikufaa kitu. Mayowe ya mashabiki yalifunika kila chombo, na wapigaji wenyewe hawakuweza kusikilizana. Walipiga kama nusu saa wakaondoka. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Agosti 1966, walifanya onyesho lao la mwisho la kulipiwa, mjini San Francisco, kisha wakaacha kabisa safari za maonyesho. Vijana waliopendwa kuliko wanamuziki wote wa dunia waliacha kupiga hadharani, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba hapakuwa na mtu wa kuwasikia.

Nao walikuwa wamelelewa kwa kusikiwa. Baina ya Februari 1961 na Agosti 1963 walipiga Cavern mara 292, na mara nyingi ilikuwa mchana, saa za chakula, makarani na wauza maduka wakishuka na mkate wao mkononi. Cavern ilikuwa ghala ya chini ya ardhi yenye matao ya matofali, katika mtaa wa ghala za matunda, na kuta zake zilitiririka maji kwa joto la watu. Pango lile la kwanza lilifungwa mwaka 1973 kwa ajili ya kazi za reli. Lililopo sasa lilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1984, kwa sehemu kubwa pale pale na kwa baadhi ya matofali yale yale.

Twakumbuka chuo chetu. Hatulinganishi Kitabu na nyimbo, hasha. Twazungumzia chumba tu. Mwalimu aliketi hatua mbili kutoka kwetu, na ukivuta pasipovutwa alikusimamisha kabla hujameza mate. Hakuna aliyejificha. Taarabu za zamani nazo zilikuwa hivyo: wazee wameketi kwa utulivu, mwimbaji akifika kwenye fumbo, anayelielewa atikisa kichwa na asiyelielewa amwuliza mwenziwe. Leo tukialikwa harusini twakuta vipaza sauti vilivyopangwa kimo cha mlango. Mshairi amekesha akitafuta vina, na neno lake lafika kama radi, bila kusikika ni neno gani. Twawaomba wenye harusi na wenye kumbi wapunguze vipaza sauti hivyo, wasogeze viti karibu na waimbaji. Wasioweza kuingia usiku huo na waimbiwe usiku wa pili.

Tuliitazama video ile pamoja na mjomba, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa kutembelea mkongojo. Ndipo alipotuambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Mwaka 1962 meli yao ilitia nanga Liverpool, naye akapita mchana katika mtaa ulionuka matunda yaliyooza. Akasikia ngoma na magitaa chini ya miguu yake. Akasimama mlangoni, akatazama ngazi, akaambiwa kiingilio ni shilingi moja. Hakushuka. Alidhani kilabu ni kilabu tu, mahali pa ulevi, akaogopa habari zisije zikafika Mombasa kabla yake.

"Mjomba," tukamwambia, "pale siku zile hapakuuzwa pombe. Waliuza chai, kahawa na supu."

Alinyamaza mpaka wimbo ukaisha, McCartney akainama kuwashukuru watu.

"Zile ngazi," akasema, "hata hazikuwa nyingi."