Umekaa Juu ya Dhahabu, Sikioni Umeweka Bati

Wadau, kuna staa mmoja wa kike hapa Bongo, jina tuliache maana mnamjua. Alipiga picha ya upande, kasuka mistari, sikio lote nje. Ndani ya sikio, pale kwenye kile kikunjo cha gegedu kilicho juu kidogo ya tundu la kusikilizia, kapachika kipete cha dhahabu kinang'aa. Haukupita mwezi, wadada wa Kahama, Katoro na Geita mjini wote wakawa wanataka "ile ya ndani". Na mimi naipenda, niseme ukweli. Kwenye sikio dogo inapendeza kuliko hereni kubwa kama sahani.

Kwa hiyo msinielewe vibaya, sijaja kusema kutoboa ni uhuni. Mabibi wa pwani walitoboa ukingo wa sikio matundu kadhaa na kuvaa vipuli kabla hata bibi zetu hawajazaliwa, na Wamasai wanatoboa sehemu ya juu ya sikio mpaka leo. Ninachogomba nacho mimi ni kingine. Tunaishi kwenye ukanda wa dhahabu. Bulyanhulu iko hapa hapa Kahama, mgodi wa Geita kule, na maduara ya wachimbaji wadogo hayahesabiki. Halafu mdada anatobolewa sehemu ya sikio inayochelewa sana kupona, anawekewa kipini cha buku mbili kilichopakwa rangi ya dhahabu.

Yamenikuta nyumbani. Mdogo wangu aliona picha hiyo hiyo, akaenda kwenye duka moja la vipodozi bila kuniambia. Bunduki ya kutobolea haikufika kule ndani, jamaa akachukua sindano, akaifuta na spiriti, akapitisha. Siku ya tano sikio limevimba kama andazi, jekundu, la moto, hata upepo wa feni unamuuma. Kitu cha ajabu, ndewe ya chini ilikuwa safi kabisa. Akawa anamwagia unga wa kapsuli za rangi mbili na kumeza amoksilini. Tulipomfikisha Mwanza kwa daktari wa masikio, usaha ulishakula ndani. Wakapasua, wakatoa usaha pamoja na vipande vya gegedu vilivyokufa. Sikio limepona, lakini juu limejikunja kama karatasi iliyofinywa, na halitarudi.

Daktari ndiye alinieleza nisichokijua. Ndewe ni nyama yenye damu nyingi, ukiitoboa kwa wiki sita au nane imepona. Gegedu halina mishipa yake ya damu, linalishwa na ngozi nyembamba iliyolifunika. Usaha ukiingia katikati ya ngozi hiyo na gegedu, gegedu linakosa chakula na kufa. Ndiyo maana tundu la ndani huchukua miezi sita hadi mwaka mzima kupona. Na ndiyo maana ndewe ya mdogo wangu haikuguswa: ndewe haina gegedu. Ukiona uvimbe umejaa juu na umeishia pale ndewe inapoanzia, usibaki nyumbani, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kipini usikichomoe mwenyewe, tundu linaweza kujifunga na usaha ukabaki ndani. Na ile amoksilini? Mdudu anayependa sana kuharibu gegedu anaitwa Pseudomonas, na amoksilini haimuui.

Msidhani ni shida ya uswahilini kwetu tu. Mwaka 2000 kule Oregon, Marekani, kibanda kimoja cha vito kilitoboa watu sehemu ya juu ya sikio, watu 7 wakathibitika kupata mdudu huyo huyo, wengine wakapasuliwa na kubaki na masikio yaliyoharibika. Walipochunguza wakamkuta mdudu kwenye chupa ya dawa ileile ya kusafishia. Kwa hiyo akikwambia "nimeifuta na dawa", bado hajakwambia kitu. Dai sindano mpya ifunguliwe mbele ya macho yako, na glavu mpya, la sivyo mshukuru uondoke. Sindano ya kuchangia ina homa ya ini na Ukimwi, hiyo sihitaji kuirefusha.

Sasa tuje kwenye madini, maana hapa ndipo wengi tunajidanganya. Mtu wa kwetu ukimwambia "vaa kitu kizuri" anafikiria dhahabu. Nimeona mdada kazawadiwa dhahabu kidogo na mwenye duara, kaipeleka kwa fundi impigie kipete moja kwa moja. Jamani! Dhahabu ya mwaloni imekamatwa kwa zebaki kisha ikachomwa, na ikishachomwa hubaki na zebaki kidogo ndani yake. Hiyo ndiyo unataka kuipachika kwenye kidonda kibichi kwa mwaka mzima? Dhahabu ya kuvaa lazima iwe imesafishwa na kuchanganywa na mtu anayejua anachanganya na nini.

Karati nazo zinachanganya watu. Sisi wa mkoa wenye Mwadui tumezoea karati za almasi, na hizo ni uzito. Lile jiwe la waridi la Mwadui alilozawadiwa Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947 lilikuwa na karati 54 na nusu kabla ya kukatwa. Karati za dhahabu ni usafi: 24 ni dhahabu tupu, 18 ni asilimia 75, 14 ni kama asilimia 58. Dhahabu tupu ni laini, inakwaruzika, na mikwaruzo inashika uchafu. Kwa sikio, 14 au 18 ndiyo inafaa, mradi isichanganywe na nikeli. Nikeli ndiyo inawasha watu wengi na kuwatoa majimaji, na wanaipata zaidi kwenye dhahabu nyeupe na kwenye vile vya kupakwa rangi. Rangi ikibanduka, kinachobaki kinagusa nyama.

Maoni yangu, na najua masonara watanisema: kwa tundu jipya achana na dhahabu kwanza. Tafuta titani, ile wanayowekewa watu waliovunjika mifupa, muuzaji makini anaijua kwa alama ya ASTM F136. Ni nyepesi, haina shobo na ngozi. Rangi yake ya kijivu siyo ya kupigia picha, sawa, lakini ni ya mwaka mmoja tu. Pale ndani kipini cha mkunjo au kipete kiwe na unene wa kama milimita 1.2. Usiweke waya mwembamba wa hereni ya kawaida, unakata gegedu polepole. Mwanzoni kiwe na nafasi ya uvimbe, baadaye unabadilishiwa kidogo zaidi na mtu aliyekutoboa. Dhahabu ya yule staa utaivaa tundu likishapona, na kwa taarifa yako hata yeye hatujui alianza na nini. Picha haioneshi miezi ya nyuma.

Kutunza kwenyewe siyo kazi. Nawa mikono. Maji ya chumvi mara mbili kwa siku: maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja kwa robo kijiko cha chai cha chumvi, yanayobaki mwaga. Au nunua dripu ya chumvi duka la dawa, siyo ya sukari, na ukiifungua usiiweke wiki nzima. Spiriti, Dettol, dawa ya meno, mafuta ya mgando, acha vyote. Usizungushe kipini, hayo mambo ya "kizungushe kisigande" ni ya zamani. Lalia upande mwingine. Spika za kuchomeka sikioni weka kando, najua inauma. Na mnaofanya kazi karibu na karasha, lile vumbi linaingia kila mahali, funika sikio kwa kitambaa safi ukiwa kazini na usafishe ukifika nyumbani. Saluni mwambie msusi mapema kabla hajamwaga dawa ya nywele.

Kama kwenu mna makovu yanayoota na kuvimba, fikiria mara mbili, gegedu la sikio linayapenda. Na wale mnaoambiwa tundu hili linatibu kipandauso, wapo wanaoapa limewasaidia, ila ushahidi wa kitaalamu haujafika huko. Toboa kwa urembo, kichwa kipeleke kwa daktari.

Mdogo wangu siku hizi anavaa wigi linalofunika masikio, hata nyumbani. Kile kipini alikihifadhi, aliambiwa dukani ni "dhahabu ya Geita kabisa". Juzi nikakibeba kwa sonara mmoja mzee.

"Shikamoo mzee. Naomba unipimie hiki."

"Marahaba mwanangu."

Akakisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tone la asidi. Ule mstari ukachemka, ukageuka kijani, ukafutika.

"Hii shaba," akasema, akanirudishia. "Sikudai kitu. Chukua."